Kinga ya zamani: tuitengeneze ao tununue mpya?



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kinga. Wenzetu wa pwani ya Tanzania na Kenya wanaiita baiskeli, na kwao neno kinga ni kitu kinachokulinda usipatwe na baya. Sisi huku Kasongo na Kabambare tukisema kinga, kila mtu anaona magurudumu mawili na mzigo nyuma. Lakini maana zote mbili zinakutana. Katika nyumba nyingi za kwetu, kinga ndiyo inayokinga mgongo wa mama. Ikiwa imesimama kwa fundi, muhogo hauji wenyewe kutoka shamba, wala mafuta ya mawese hayafiki sokoni yenyewe. Mzigo unarudi pale ulipokuwa zamani: mgongoni, kwa ile kamba ya paji la uso, na kwa kawaida unamrudia mama na binti yake.

Ndiyo sababu swali la “tuitengeneze ao tununue mpya” si swali la vijana peke yao. Wao wanasukuma, lakini mara nyingi feza ya kununua inatoka katika likelemba ya mama. Na feza hiyo, ikienda kwenye kinga, haiendi tena kwenye masomo.

Nyumbani kwetu tuna kinga moja. Ni vetete, zile za milimani zenye pine pana na vitesi vingi, na ilikuja kwetu ikiwa imetumika tayari. Mwana wangu wa kwanza anafanya nayo kazi ya njia. Anatoka Kasongo na chumvi, sabuni na bido za mafuta, anaelekea Kabambare, halafu anarudi na mchele na karanga. Ni zaidi ya kilometa 100 kwenda tu, na mnajua njia yetu wakati wa mvua. Kwa sehemu kubwa hapandi, anasukuma. Kwenda na kurudi, pamoja na kuuza, ni karibu juma moja na siku.

Mwaka huu zamu yangu ya likelemba iliangukia wakati mgumu. Tuko wamama 12, kila mmoja anatoa dola 10, kwa hiyo zamu ni dola 120. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anajiandaa kwa egzamen ya Leta. Shule za msingi za serikali ziliondolewa malipo tangu Septemba 2019, lakini sekondari bado tunalipa, na kushiriki egzamen kuna malipo yake. Wakati huohuo mwana wangu akaniambia: “Mama, kinga hii imezeeka. Wenzangu wote wana mpya. Kila safari ninalala njiani kwa sababu yake.”

Hakuwa anadanganya. Kijana akisema kinga inamchosha, yeye ndiye anayeijua. Bei ya mpya, ile ya chuma kizito ya kubebea mizigo, aliyokuwa ameuliza ilikuwa dola 150. Maana yake zamu yangu yote, na deni la dola 30 juu yake.

Nikamwambia: “Baba, sikukatalii. Lakini kabla ya kutoa feza yote, tujue kwanza ni nini kinachokulaza njiani. Chukua daftari hili la dada yako. Kila kitu kikiharibika, andika ni nini, umelipa ngapi, na umepoteza siku ngapi.”

Tulifanya hivyo kwa majuma 9. Alienda safari 6. Mwishoni binti yangu alikaa na daftari akajumlisha. Siku zilizopotea zilikuwa 13. Siku 4 ni kwa sababu ya pine zilizoisha, shambrere zinatobolewa ovyo. Siku 3 ni kwa sababu ya rayo za gurudumu la nyuma, zile fimbo nyembamba za chuma, ambazo zilikatika chini ya mzigo. Na siku 6, karibu nusu, ni kwa sababu ya vitesi: kile chombo cha nyuma kinachorusha shene kutoka jino hadi jino. Kilijaa matope, kikakamata majani, kikapinda, halafu akangoja kipande cha kubadilisha.

Ona vile daftari lilivyobadilisha mazungumzo. Mbele tulikuwa tunasema “kinga imezeeka”. Sasa tulikuwa tunasema “pine, rayo na vitesi”. Uzee hauna dawa, lakini pine ina bei. Na kitu kimoja hakikuandikwa hata mara moja katika daftari: kadre, yaani mwili wenyewe wa chuma.

Tukaipeleka kwa fundi mzee wa mtaa, tukamwomba aiangalie yote kabla ya kutuambia bei. Nilisimama pale nikajifunza. Nawapa yale niliyoyaona, ili siku yenu ikifika musimame na ninyi.

La kwanza ni kadre. Fundi aliifuta matope yote kwa kitambaa, kwa maana ufa unajificha chini ya matope na rangi. Aliangalia pale mbele ambapo bomba mbili zinashikana chini ya gido, tena pale chini ambapo pedali zinazungukia, tena nyuma karibu na mhimili wa gurudumu. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, na kutu ikitoka ndani ya mstari huo, ni alama ya ufa. Kisha akagusisha sumaku ndogo ya redio iliyokufa. Sumaku ikishika, kadre ni chuma, na chuma fundi wa kwetu anaweza kukiunganisha kwa moto. Isiposhika, mara nyingi ni aluminiamu. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ikipasuka, kuiunganisha kunahitaji mashine na ujuzi ambao katika mitaa yetu haupatikani kwa urahisi. Ya kwetu ilishika sumaku, na haikuwa na ufa.

La pili ni ukubwa wa gurudumu. Hapa wengi wanadanganyika, kwa sababu wauzaji wanasema tu “ishirini na sita” ao “ishirini na nane”. Soma namba ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa pine, ile ya milimeta. Vetete nyingi za zamani ni 559. Zile kubwa nyeusi za mizigo nyingi ni 635. Kuna na 590, ambayo pia inaitwa ishirini na sita, na haiingii kabisa kwenye jante ya 559. Basi kabla ya kutengeneza, zunguka sokoni uulize: pine ya namba yangu ipo? Inapatikana mwaka wote, ao imeletwa mara moja tu? Kinga nzuri isiyopatikana pine ni kinga iliyokufa.

La tatu ni shene. Kuipima hakuhitaji chombo cha fundi, inatosha ile mita ya kitambaa ya mshonaji. Nyoosha shene vizuri, hesabu vipande 40 kutoka kishina hadi kishina. Ikiwa mpya inapima sentimita 50.8. Ikifika 51.3, imevutika na kuisha, nayo inakula meno ya gurudumu kila siku unayoendelea nayo. Shene ikibadilishwa mapema, unalipa shene peke yake. Ukichelewa, unalipa shene pamoja na meno. Ya kwetu ilikuwa imepita 51.3, kwa hiyo ilikuwa lazima tubadilishe vyote viwili.

La nne ni vitu vya anasa. Vetete ya kwetu ilikuwa na uma wa mbele wenye kudunda, wenye amortiseri. Kwa mtu anayepanda bila mzigo, unapumzisha mikono. Kwa mtu anayesukuma bido na magunia, unapokea matope, unalegea, halafu gurudumu la mbele linacheza huku na huku. Fundi akasema: “Mama, tutie uma wa chuma wa kawaida. Na vitesi hivi, tuviondoe.” Mwana wangu alishtuka kidogo. Lakini fundi akamwuliza: “Kaka, ukiwa na mzigo unapanda kilima ao unasukuma?” Akajibu: “Ninasukuma.” “Basi vitesi vinakusaidia nini?”

Hata hapo fundi alikagua kwanza. Aliangalia pale mhimili wa gurudumu la nyuma unapokaa. Ikiwa mfereji wake ni mrefu na umelala, gurudumu linaweza kurudishwa nyuma ili kuvuta shene ya jino moja. Ikiwa mfereji ni mfupi na umeelekea chini, shene italegea na kuruka, na ni afadhali kuacha kile chombo cha vitesi kibaki kwa kazi ya kuvuta shene tu. Kadre ya zamani ya kwetu ilikuwa na mfereji mrefu. Ni moja ya faida za kitu cha zamani.

Sasa hesabu. Pine mbili dola 18. Shambrere mbili 6. Shene 5. Jino moja la nyuma 4. Rayo mpya nene za gurudumu la nyuma 6. Uma wa chuma uliotumika 8. Raba za frene na kamba zake 4. Gololi na grisi 3. Kiti cha mzigo kilichotiwa nguvu kwa vyuma vya ujenzi 6. Kazi ya fundi 10. Jumla dola 70.

Dola 70 ni chini ya nusu ya 150. Mimi naishika kanuni hiyo: ikiwa kadre ni nzima na matengenezo yote ni chini ya nusu ya bei ya mpya, tengeneza. Ikipita nusu, anza kufikiri sana. Na ikiwa kadre ina ufa, usifikiri hata kidogo.

Juu ya neno hilo la mwisho nitakuwa mkali. Nimesikia wamama wakisema, “Waunganishe tu kwa moto, itavumilia mpaka mavuno.” Pale gido inaposhikana na kadre si mahali pa kujaribu bahati. Kijana anashuka kilima na kilo 100 nyuma yake, kadre inakatika mbele, mzigo wote unamwangukia. Hakuna bido ya mafuta yenye bei ya shingo ya mtoto. Ufa mdogo nyuma, karibu na kiti cha mzigo, fundi mzuri anaweza kuufunga. Ufa wa mbele, ao kadre iliyopinda baada ya kuanguka, hiyo ni siku ya kununua nyingine, hata kama ni kwa deni. Kinga ya zamani inaweza kutoa pine, jante na pedali kwa ile inayokuja.

Mtu anaweza kusema: je, kuongeza vyuma kwenye kinga ya zamani si kazi ya maskini tu? Hapana. Mwaka 1954, huko Vietnam, katika vita vya Dien Bien Phu, chakula na silaha vilipita milimani juu ya baiskeli za kawaida zilizosukumwa na watu. Walitia nguvu kadre kwa vyuma na mianzi, wakafunga mti kwenye gido ili kuongoza wakiwa pembeni, na kila moja ikabeba kilo 200 na zaidi. Wanaume wetu wa njia wakiona mti ule kwenye gido, wataujua mara moja. Tena kuna shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005, ambalo limeunda baiskeli kwa ajili ya vijiji vya Afrika na kuipa jina Buffalo, yaani nyati. Wangeweza kutia kila kitu cha kisasa. Walichagua kadre nzito ya chuma, uma usiodunda, na kiti cha nyuma cha kubeba kilo 100. Wenye kufikiri sana juu ya mizigo wamefika palepale fundi wetu alipofika: kitu kichache, kizito, kinachotengenezeka njiani.

Kuna neno la wazee: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kitu kipya kinavutia hata kikiwa na maumivu ndani yake. Siwaambii kwamba kipya ni kibaya. Kuna kinga mpya za bei ndogo zinazong'aa sokoni ambazo rayo zake ni nyembamba na gololi zake hazina grisi, na fundi anazifungua siku ya kwanza ili kukaza kila kitu. Ukinunua mpya, weka pembeni feza ya kuikaza na kuitia grisi kabla ya mzigo wa kwanza. Bei ya dukani si bei ya mwisho.

Sisi tulitengeneza. Zilibaki dola 50, nazo zikaenda moja kwa moja kwa malipo ya binti, kabla jirani ao ndugu hajazisikia. Lakini hatukuishia hapo, na hili ndilo ninalopenda mulishike kuliko yote: kutengeneza si kusema hatutanunua. Kinga hii itakufa siku moja. Tulikubaliana na mwana wangu kwamba kila safari anatia dola 3 katika sanduku la akiba, na binti anaandika katika daftari lilelile. Safari 50 ni dola 150. Kwa mwendo wake ni kama mwaka mmoja na nusu. Siku ambayo kadre itaonyesha ufa, mpya itanunuliwa bila kugusa masomo ya mtu na bila deni. Mwana wangu, alipoona siku yake imeandikwa na hesabu yake inaonekana, hakulalamika tena. Yeye ndiye anayekumbusha sanduku.

Nimalize kwa mambo matatu kwa vikundi vyetu.

Moja: kikundi kinaweza kununua vitu ambavyo nyumba moja haiwezi. Pompi nzuri, funguo za ukubwa mbalimbali, kile kidude cha kutoa kishina cha shene, na kopo la grisi. Vikae kwa mama mmoja mwaminifu, na kila anayeazima aandike jina. Kinga nyingi zinazolala kwa siku mbili zinalala kwa kukosa ufunguo wa dakika kumi.

Mbili: ukinunua kinga kwa feza yako ya likelemba, omba karatasi ya muuzaji, na jina lako liandikwe pale, pamoja na namba iliyochongwa kwenye kadre. Sheria ya familia ya nchi yetu ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Ile kanuni ya zamani, ya mke kungoja ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria, iliondolewa, na mume na mke wanatakiwa kukubaliana. Kwa hiyo zungumzeni nyumbani kwa heshima, mukubaliane, na karatasi iwekwe vizuri. Karatasi hiyo haileti ugomvi. Inauzuia, hasa siku mmoja akifariki na ndugu wakaja kuhesabu vitu.

Tatu: wafundisheni mabinti kuziba shambrere na kukaza shene. Binti yangu sasa anafanya vyote viwili, na kaka yake akiwa njiani, yeye anaenda shambani na kinga ya jirani, anarudi na muhogo kabla jua halijakuwa kali, halafu anafungua vitabu. Saa mbili alizokuwa anazitumia chini ya kikapu amezipata kwa egzamen yake.

Basi, mama, kabla ya kutoa zamu yako yote, tafuta daftari, sumaku na mita ya mshonaji. Andika kwa majuma machache. Futa matope kwenye kadre uangalie. Pima shene. Soma namba kwenye pine. Kisha kaa na watoto wako mufanye hesabu pamoja. Ikiwa jibu ni mpya, nunua kwa moyo mweupe. Ikiwa jibu ni kutengeneza, usione haya mbele ya mtu.

Wale wenye fundi mzuri katika mtaa wao, ao bei za vipande katika soko lao, walete habari kwenye mkutano wa juma lijalo, tuzilinganishe. Mubaki na amani.